Baiskeli ya kuegemea kwa fremu chakavu: nianzie wapi?

Kijana_Moro:
Habari za jioni wadau. Niko Morogoro. Uani nina Phoenix ya inchi 28 iliyokatika bomba la juu, na fremu ya mtoto ya inchi 20, uma wake mzima. Mgongo umegoma kuendesha baiskeli ya kawaida, nataka kuunda ile ya kukaa umeegemea, miguu mbele. Bajeti laki moja na kitu. Fundi wa kuchomelea ninaye, ila anadai mchoro. Na cheni itafikaje huko nyuma?

FundiGuta:
Mdogo wangu, mchoro ni miguu yako. Vaa viatu utakavyoendeshea, kaa sakafuni makalio yaguse ukuta, nyosha miguu, pima kutoka ukutani hadi kisigino. Toa urefu wa krenki, yaani ule mkono unaoshika pedali. Kinachobaki ndio umbali wa egemeo la siti hadi kwenye ekseli ya krenki. Siti iwe ya kusogezwa, maana ukishalala nyuma kidogo kipimo kinabadilika.

Pedali ziweke nyuma ya gurudumu la mbele, sio mbele yake. Baiskeli itakuwa ndefu, kukata kona ni shida, lakini imetulia na visigino havigongi tairi. Kwenye ya mtoto kata shingo na uma, uache kipande cha bomba. Fundi akichomea karibu na bakuli za gololi zinapinda. Nyuma tumia ya Phoenix, na katikati ya hivyo viwili weka skwea paipu ya milimita 40, unene 1.5. Akikushauri bomba la maji lenye zinki, kwanza alikwangue kwa grenda mpaka chuma kionekane. Ule moshi mweupe mchana unauona wa kawaida, usiku homa inakupanda.

Cheni ndiyo kazi yetu sisi wa maguta. Utaunga kama mbili na nusu, zote za upana mmoja. Ya Phoenix ni pana, ya baiskeli ya gia ni nyembamba, usichanganye. Upande wa juu ndio unaovuta, kwa hiyo hapo inapokatiza chini ya siti weka beringi 6200 kwenye bolti ya milimita 10, na washa kubwa huku na huku isichomoke. Italia kidogo, izoee. Upande wa chini unarudi tu, upitishe kwenye kipande cha mpira wa maji, suruali yako itapona.

Mama_Mlimani:
Mkuu FundiGuta, kwa Phoenix hapana. Hiyo ina gia moja, na ukiwa umeegemea huwezi kusimama kwenye pedali mlima ukikukuta. Kijana, tafuta sehemu ya nyuma ya mtumba wa inchi 26 wenye gia. Phoenix muuzie muuza maziwa.

FundiGuta:
Dada umenena, kwa Morogoro na ile milima nakubali. Angekuwa Dodoma mjini ningebisha.

Msomi_wa_Kijiweni:
Kwa faida ya jukwaa: mwaka 1933 Mfaransa Francis Faure alipanda ya aina hii, iliyoundwa na Charles Mochet, akaenda kilomita 45.055 kwa saa moja jijini Paris. Rekodi iliyokuwepo tangu 1914 ikavunjika. Mwaka uliofuata wakubwa wa mashindano wakazipiga marufuku. Basi wasikucheke kijiweni.

Kijana_Moro:
Shukrani wakuu, nawindia mtumba wa gia. Breki je? Zile za vyuma za Phoenix zinafaa?

FundiGuta:
Zitupe. Fimbo zake hazifiki na gurudumu la mbele si lake. Tumia za waya, mbele na nyuma, waya wa nyuma tafuta mrefu maana wa baiskeli ya kawaida unaweza kuwa mfupi. Hakikisha tu kichwa chake kinakaa kwenye mkono wa breki. Na simamisha fimbo ndefu yenye kitambaa chekundu nyuma ya siti. Dereva wa lori hakuoni ukiwa chini hivyo.