Kikundi: Nyumba ya Mama 🏠

JUMATATU

[19:02] Tausi: Jamani habari za jioni. Mkaguzi alikuja leo kukagua kule chini ya nyumba tunakotaka kupangisha. Someni mpaka mwisho kabla ya kurusha vibonzo.

[19:03] Tausi: Kwanza dirisha la chumba cha kulala. Dogo, halafu nondo zimechomelewa. Moto ukiziba ngazi, mtu mzima lazima aweze kutokea hapo bila ufunguo wala kifaa. Kwa hiyo ukuta unakatwa, nje tunachimba shimo mbele ya dirisha, na shimo liwe na pa kutolea maji.

[19:04] Tausi: Pili dari. Pale kwenye boriti ni mita 1.87 tu. Haipiti.

[19:04] Tausi: La tatu nalisema kwa simu. Kassim ukiona hii nipigie.

[19:38] Tausi: Mbona kimya? Naona mmesoma watu sita.

[19:40] Bahati: 1.87 mbona mimi napita na kofia

[19:40] Bahati: Tutafute mpangaji mfupi 😂

[19:42] Zena: 😂😂😂

[19:42] Bahati: TANGAZO: handaki safi linapangishwa. Anayemzidi Kassim kimo asipige simu

[19:44] Tausi: Zena, miezi mitatu hujaandika humu, leo umekuja kucheka.

[20:15] Shem Lukas: Na hiyo 1.87 ni kabla ya jipsamu. Dari lazima iongezwe unene ili moto uchelewe kupanda juu, na kila tundu la bomba lizibwe. Njia iliyobaki ni kushusha sakafu. Lakini tukichimba kufikia msingi bila mhandisi, nyumba itakaa upande.

[20:17] Shem Lukas: Halafu ile nailoni niliyobandika sakafuni Ijumaa nimeifunua. Matone yako upande wa chini, na zege limekuwa jeusi. Unyevu unatoka ardhini. Yangekuwa juu ya nailoni ningesema ni hewa tu, tufungue madirisha. Zulia msinunue.

[20:18] Tausi: Asante Shem. Wengine mnaona mtu anavyofanya kazi?

[20:18] Tausi: Mnaona?

JUMANNE

[06:12] Kassim: Nimeona. La tatu ni nini

[06:13] Tausi: Nilisema nipigie.

[06:13] Kassim: Andika tu dada. Najua ni choo.

[06:20] Tausi: Haya, ni choo. Hakikuwa na kibali, na ukuta ulifungwa kabla mtu hajaona mabomba. Anataka ufunguliwe. Na mfuniko wa chemba haujulikani ulipo.

[06:21] Bahati: Uko chini ya marumaru za buluu. Hata paka anajua

[06:25] Kassim: Choo hicho mmekitumia wote miaka minne, hakuna aliyeuliza kibali.

[07:48] Zena: Mimi niliuliza. Ile wiki ya mvua. Mabegi yangu ndiyo yaliyoelea.

[07:50] Kassim: Zena nilishaomba radhi.

[07:50] Zena: Ulimwomba radhi Mama.

[07:58] Bahati: Niweke kibonzo au nisiweke

[08:30] Shem Lukas: Maji taka kurudi ndani kuna dawa yake, ni valvu ya kuyazuia kwenye bomba kuu. Ila ikijifunga wakati wa mvua, maji yetu wenyewe nayo hayana pa kutokea. Mama akioga juu yataibuka kwenye bafu la chini. Kwa hiyo iwekwe na kengele, na isifunikwe marumaru tena.

[08:31] Bahati: Yaani mpangaji alipe kodi aoge maji ya Mama 😂😂

[08:32] Tausi: Bahati nitakutoa humu.

[13:05] Ba' Mdogo: Wanangu mbona mnajitesa. Pakeni rangi, tumweke mtu anayetufahamu, akae kimyakimya. Tukiulizwa ni ndugu yetu.

[13:07] Tausi: Shikamoo Ba' Mdogo. Hapana. Bima wakigundua kuna mpangaji hatukumtaja, wanaweza kugoma kulipia nyumba nzima, si huko chini tu.

[13:09] Ba' Mdogo: Marahaba. Watajuaje?

[13:10] Bahati: Ba' Mdogo ndiye mpangaji mwenyewe 👀

[20:41] Mama: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:52)

[20:49] Tausi: Kwa mlio kazini, nauandika alivyosema:

"Mjukuu kanisomea yote. Kitanda changu kiko juu ya hicho chumba. Baba yenu alipokuwa akigonga nyundo usiku, kila pigo nilikuwa nalisikia mgongoni. Huyo mtakayemleta, moto ukiwaka na nondo ziko dirishani, atakayemsikia ni mimi. Nyie mtakuwa makwenu mmelala. Na meza ya baba yenu haitoki pale ilipo."

[20:51] Ba' Mdogo: *Ujumbe huu umefutwa*

[21:10] Kassim: Shikamoo Mama. Tumekusikia.

[21:11] Bahati: Shikamoo Mama.

[21:11] Zena: Shikamoo Mama.

[21:30] Tausi: Basi kibali tunachukua, hilo tusirudie. Lukas apeleke michoro. Ving'ora vya moshi viunganishwe, cha chini kikilia na cha chumbani kwa Mama kilie. Kuta zote zibaki wazi mpaka mkaguzi arudi. Kassim marumaru ni zako.

[21:34] Kassim: Nitavunja. Lakini fundi nachagua mimi.

[21:34] Zena: Fundi yuleyule?

[21:52] Shem Lukas: Samahani dada, ile meza iko chini ya dirisha lenyewe tunalotaka kukata.

[21:53] Tausi: Najua.

[21:53] Tausi: Nani atamwambia?

[22:20] Tausi: Haya tutaongea palepale. Jumamosi saa nne asubuhi, wote. Andikeni mnakuja au hamji.

JUMATANO

[05:58] Zena: Nakuja. Nataka kuyaona hayo mabomba kwa macho yangu.

[09:14] Kassim: 👍

[09:15] Tausi: Kassim hicho kidole ni cha Jumamosi au cha fundi?