Ufundi kwa vijana Batwa wa Miti: INPP, fundi wa sokoni, au tuwanunulie vifaa?

PapaMiti: Jamboni wandugu. Hapa Miti, Kivu Kusini, Congo, tuko na vijana wanne wa Batwa, wenyeji wa asili wa msitu, wawili ushonaji, wawili useremala. Pesa tuliyochanga inatosha njia moja tu: INPP Bukavu (chuo cha ufundi cha serikali), kuwaweka kwa fundi, au kuwanunulia vifaa waanze wenyewe. Mliokwisha kupita hapo, mngechagua gani?

MamaUzi: INPP usiidharau, papa. Iko tangu 1964, cheti chake kinajulikana. Ila hesabu kubwa haiko kwenye kujiandikisha, iko kwenye chakula na chumba cha kulala. Wasichana wawili ninaowajua waliacha mwezi wa pili. Kushona walikuwa wanajua. Walikuwa wanalala njaa.

Randa_Mudaka: Mimi ni fundi, nasema fundi. Lakini mapatano yaandikwe! Kijana mmoja alikaa kwa mwenzangu miezi tisa: kufagia maranda, kuchota maji, kushikilia ubao. Randa yenyewe aliigusa siku bosi alipoenda matanga. Muandike mapema: mwezi wa tatu atengeneze kiti, wa sita mlango, na misumari inalipwa na nani.

Kadutu2: Wako na kadi ya uchaguzi? Kesho mkiwapeleka ONEM, ofisi ya serikali ya ajira, kuandikishwa kama watafuta kazi, wataulizwa karatasi kwanza.

MzeeKabare: Vifaa peke yake, hapana. Batwa walitolewa msituni Kahuzi-Biega, ikawa hifadhi ya wanyama, miaka ya 1970, wengi mpaka leo hawana shamba. Mtu asiye na shamba, njaa ikiingia, mashine ya kushona ndiyo anavuna. Niliona moja ikiuzwa pale barabarani, uzi mwekundu bado umo kwenye sindano. Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inazitambua haki zao za ardhi, lakini sheria huwezi kuipika kama sombe (kisamvu). Kodisheni kashamba kwanza, ndipo fundi.

MamaUzi: Mzee amesema. Na muwaingize kwenye AVEC, kikundi cha kijiji cha kuweka na kukopa, hata wakiweka franka mia tano kwa juma. Mwanamke mwenye akiba hauzi mashine haraka.

Kadutu2: Samahani, wenyewe wanasemaje?

PapaMiti: Nimetoka kwao sasa hivi. Fundi na kashamba, wasichana wamekubali. Wa useremala, mmoja amecheka: "Papa, useremala ulichagua wewe." Anataka kutengeneza pikipiki. Nani anajua fundi wa pikipiki Kavumu ambaye hatampa kazi ya kuosha tu?