Tupeane uzoefu: mstaafu wa serikali kuu ya Marekani akifariki, familia inabaki na nini?

Mwenye mada: Wadau mnaoshughulikia mafaili haya, karibuni. Ndugu zetu wako posta, wako hospitali za serikali, na baadhi ya wake zao wamebaki nchi ya nyumbani. Tuandikie utaratibu wenyewe.

Mdau wa pensheni: Kila kitu kinaamuliwa siku ya kujaza fomu za kustaafu. Kwa FERS, yaani mfumo wa pensheni wa watumishi wa serikali kuu, ukitaka mwenza wako abaki na nusu ya pensheni, unakatwa asilimia 10 ungali hai. Akibaki na robo, unakatwa 5. Pensheni ya dola 2,000 kwa mwezi inakuwa 1,800, na mjane atalipwa 1,000, yaani nusu ya ile kabla ya makato. Ukitaka kumwachia pungufu ya nusu, lazima aridhie kwa sahihi mbele ya notari. Mke aliye mbali asitumiwe ukurasa wa sahihi peke yake kwa WhatsApp. Atumiwe fomu nzima, aone asilimia iliyojazwa.

Bima: Hapo ndipo familia zinaumia. Mjane anabaki na bima ya afya ya FEHB (ya watumishi na wastaafu wa serikali kuu) ikiwa tu ana haki ya pensheni ya mjane, na marehemu alikuwa na bima ya familia au ya watu wawili siku aliyofariki. Ukikwepa yale makato, umemfutia na matibabu. Wastaafu wa posta wana bima yao ya afya, PSHB, tangu Januari 2025, masharti ni hayo hayo.

Mdau wa pensheni: Naongezea. Aliyeoa baada ya kustaafu ana miaka 2 ya kuwaandikia OPM, ofisi inayosimamia pensheni hizi, ili mke aingizwe. Akinyamaza, mke hana chake. Mtoto hulipwa hadi miaka 18, au 22 akiwa masomoni muda wote, ila FERS kwanza hupunguza kiasi anacholipwa na Social Security (hifadhi ya jamii), na mara nyingi hakibaki kitu.

Dada wa mafaili: Msiba ukitokea, OPM waarifiwe mara moja. Pesa itakayoingia benki baada ya kifo msiiguse, maana itarudishwa serikalini. Siku alizoishi mwezi ule zitalipwa baadaye. Jazeni SF 3104, fomu ya kuomba mafao ya kifo, ambatanisheni cheti cha kifo na cha ndoa. Akiba ya kustaafu ya TSP na bima ya maisha ya FEGLI zinadaiwa kando, na hulipwa aliyeandikwa kwenye fomu ya mnufaika. Wosia haubadilishi jina hilo. Mtalaka akiwa bado ameandikwa, analipwa yeye, kwa hiyo fomu hizo zibadilishwe mara tu talaka inapotoka.