Lyme, ugonjwa wa bakteria wa kupe: bima ilazimishwe kulipia dawa za miezi, au ni ulaji tu?

MamaWatatu_Maine
Wadau, habari za humu. Niko Lewiston, Maine. Mume wangu anakata majani kwenye bustani za watu. Mwaka juzi mwisho wa kiangazi alishikwa na homa, kichwa, mwili kuishiwa. Daktari akasema mafua. Nyuma ya goti alikuwa na doa pana, limepiga weusi kama mtu aliyejigonga, na hakuna aliyelijali, maana picha zilizobandikwa kliniki ni duara jekundu kwenye ngozi ya mzungu. Goti lilipojaa maji ndipo wakachukua damu: Lyme. Akamaliza vidonge vya antibayotiki, doksisaiklini, goti likanywea, lakini mtu hana nguvu, anasahau, halali. Daktari wetu anasema matibabu yamekwisha. Tumeelekezwa kwa "mtaalamu wa Lyme", hapokei bima, anataka hela mkononi kwa dripu ya antibayotiki ya miezi kadhaa. Massachusetts walipitisha sheria 2016 bima ilipie dawa za muda mrefu. Na sisi huku tuidai? Halafu nyie wauguzi wa kwetu mliojaa hospitali za huku, mbona mnatuangalia kama waongo?

Nesi_Minnesota
Dada, nilikuwa nipite tu, ila hilo la mwisho limenichoma. Tunamaliza zamu ndio tunawatafsiria wazee wenu bure, hamna anayeshukuru. Leo tumekuwa wa kuwadharau?

Kuhusu dawa: utafiti wa Marekani wa 2001 na ule wa Uholanzi wa 2016, waliopewa antibayotiki za muda mrefu hawakupata nafuu kuliko waliopewa dawa hewa, ile isiyo na dawa ndani. Na dripu ya miezi ni mrija unaokaa kwenye mshipa mkubwa. Bakteria wanaingia hapohapo. Watu wamekufa.

Mpemba_Hartford
Nesi anasema yale yale ya kampuni za bima. Lyme imepewa jina la mji wa huku kwetu Connecticut, tunaijua. 2006 mwanasheria mkuu wetu wa wakati huo, Blumenthal, aliwachunguza hao walioandika mwongozo wa matibabu ya Lyme, akakuta wengine wana maslahi yao ya kifedha. Tafuta usome.

Nesi_Minnesota
Mbona humalizii hadithi? Likaundwa jopo jipya, 2010 likasema mwongozo ubaki ulivyo. Na huyo anayetaka hela mkononi hana maslahi?

Kijana_wa_Kinondoni
Mama, mumeo kapimwa damu, kapewa jina la ugonjwa, kapona goti, halafu unalia? Huku Bongo ukiingia na homa unatoka na UTI. Ukiingia na mkono umevunjika, UTI. Mjomba wangu kaandikiwa UTI sugu na taifodi kwenye karatasi moja. Daktari hata uso hakuinua.

TabibuWaZahanati
Hayo ya UTI ndiyo mnayoyajua. Umewahi kukaa zamu peke yako, foleni imefika getini, huna cha kuotesha bakteria wa mkojo wala damu? Kipimo cha haraka cha malaria kimesoma hasi, mtoto anawaka. Nikikwambia "hana malaria, mrudishe kesho nimwangalie" unaniita kihiyo, unavuka barabara kwenda famasi kununua sindano.

Kijana_wa_Kinondoni
Kwa hiyo unatuandikia ugonjwa ili turidhike. Asante kwa kukiri.

TabibuWaZahanati
Soma tena, kama shule ulifika.

Bi_Mkubwa_Tanga
Wanangu, matusi ya nini? Mimi nimepimwa Widal mara ngapi sijui, kila mara taifodi. Hiyo taifodi haiishi?

Mhehe_Mtulivu
Bi Mkubwa, Widal, hicho kipimo cha taifodi, inakamata hata kumbukumbu za maambukizi ya zamani kwenye damu. Kuna utafiti ulifanyika Moshi, waliolazwa na homa kali: zaidi ya nusu waliandikiwa malaria, waliokuwa nayo kweli hawakufika wawili kwa mia. Kama robo walikuwa na magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama: brusela, leptospira, homa za kupe. Kwa hiyo Kijana ana hoja, ila mdomo wake mchafu.

Mgogo_Halisi
Hapo kwenye kupe mmenigusa. Dodoma tuna homa ya papasi, ndugu wa damu wa hiyo Lyme, bakteria wa ukoo mmoja. Papasi, aina ya kupe, anajificha kwenye nyufa za nyumba ya udongo, anatoka usiku, anakunyonya dakika chache, anarudi zake. Homa inakuja, inaondoka, unadhani umepona, inarudi. Kwa mjamzito ni balaa. Zamani ukitolewa damu ya kioo wakati homa imepanda, wale wadudu walionekana kwenye hadubini wakijikunja katikati ya chembe. Sasa ni kipimo cha haraka: mstari mmoja, "huna malaria", basi. Nani atawaona?

Mwana_Maniema
Na dokta Dutton, ambaye huyo bakteria wenu wa papasi amepewa jina lake, alifia kwetu Kasongo, Kongo, 1905, kwa homa hiyohiyo aliyokuwa anaichunguza.

Kijana_wa_Kinondoni
Angefika Bongo angeandikiwa UTI.

MamaWatatu_Maine
Jamani, niliuliza bima.

Nesi_Minnesota
Dada, hasira kando. Mwambie daktari wenu awape rufaa kliniki ya magonjwa ya kuambukiza ya hospitali kubwa. Hao bima inawalipa. Goti likivimba tena baada ya vidonge, dripu ya wiki mbili hadi nne imo kwenye mwongozo wa 2020. Na akiona doa jingine msingoje damu, wiki za mwanzo kipimo hutoka hasi. Lizungushieni kalamu, pigeni picha kila siku, lionekane linatanuka.

MamaWatatu_Maine
Goti si tatizo tena, nimesema. Tatizo mtu anasahau njia ya kazini. Hapo kliniki hiyo itasema nini?

Mpemba_Hartford
Itasema matibabu yamekwisha. Ndiyo maana watu wanauza gari wanakwenda kwa wa hela mkononi.

Nesi_Minnesota
Watampima usingizi, tezi, msongo wa mawazo...

MamaWatatu_Maine
Ahaa. Msongo wa mawazo. Nilijua tutafika hapo.

TabibuWaZahanati
Kijana, bado nakusubiri. Mjomba wako alikojoa akipata maumivu au hakupata? Jibu hilo kwanza.