Naombeni ushauri: natoa albamu yangu ya kwanza peke yangu, na kundi bado lipo

Mleta uzi: Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mwimbaji wa kike katika kundi la watu watatu hapa Dar es Salaam. Tuna miaka sita pamoja na hatujavunjika. Nimekamilisha albamu yangu binafsi yenye nyimbo 10, ambayo nimeirekodi kwa fedha zangu katika studio moja ya Sinza, nikienda usiku kwa sababu bei ya usiku ni nafuu. Tatizo ni nyimbo mbili zilizozaliwa kwenye mazoezi ya kundi. Kiitikio cha mmojawapo kimo kwenye kaunta buku yangu kwa mwandiko wa mwenzangu, kwa kalamu nyekundu, tarehe ikiwa juu. Prodyuza anasisitiza kwamba hizo ndizo zitakazoibeba albamu. Wenzangu hawajui lolote. Nizitoe kwanza ndipo niwaeleze?

Mkongwe wa Studio: Dada, hapana. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, aliyeshiriki kuutunga wimbo ni mmiliki mwenza hata kama hakuchangia shilingi ya studio, na huo mwandiko mwekundu unaweza kuwa ushahidi. Andikianeni mgawanyo wa asilimia, mtie sahihi, ndipo uende COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kusajili. Prodyuza wako hatakuwepo siku ya kesi.

Binti Kinondoni: Naunga mkono, ila usiogope kwamba kutoka peke yako ni kulivunja kundi. Wale watatu wa Destiny's Child, kundi la waimbaji wa kike wa Marekani, walitoa albamu zao binafsi, Michelle Williams na Kelly Rowland mwaka 2002, Beyoncé mwaka 2003, na mwaka 2004 wakarudi pamoja na albamu ya kundi. Lakini mipango yao haikuwa siri. Kinachoniudhi kwako ni hizo safari za usiku, si albamu.

Mpenda Zilipendwa: Je, sauti za wenzako zimo kwenye rekodi hizo mbili? Kama zimo, jambo ni zito zaidi.

Mleta uzi: Hazimo, niliimba peke yangu. Nimempigia mwenye mwandiko. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kiitikio chake nimekibadilisha. Nikakiri kwamba nimebadilisha neno moja. Amesema tukutane kesho jioni Mwananyamala, na kaunta buku nije nayo.