Bibi hataki kuezekewa mabati akihofia kuondolewa TASAF: je, hofu yake ina msingi?

Mjukuu wa Lindi

Ndugu wanajukwaa, salaam. Bibi yetu mzaa mama ana miaka 73, anaishi kijijini mkoani Lindi na vitukuu wawili wanaosoma shule ya msingi. Kaya yake imo katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaosimamiwa na TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, na kila malipo yanapotoka hununua kwanza madaftari na sabuni, kisha unga, na kinachosalia hukifunga kwenye pindo la kanga. Mwezi uliopita mimi na wadogo zangu tulichangishana tukanunua mabati ya geji 30 ili tumwezekee nyumba kabla ya masika, kwa sababu makuti yamechakaa na usiku wa mvua anahamisha godoro kutoka kona moja hadi nyingine. Mabati yamefika, lakini yameegemezwa nyuma ya nyumba, naye ameyafunika kwa jamvi na hataki yapandishwe. Majirani wamemwambia kwamba wahakiki wakiyaona juu ya paa, jina lake litafutwa. Naomba kueleweshwa: umaskini wa kaya unapimwaje, na je, paa peke yake linaweza kumwondoa mtu? Sitaki kumdanganya bibi, wala kumshauri afiche chochote.

Mwezeshaji wa Zamani

Ndugu yangu, mfikishie bibi shikamoo yangu. Nilishiriki kama mwezeshaji katika utambuzi wa kaya, kwa hiyo nitaeleza ninavyoufahamu utaratibu.

Mtu mwenye ajira rasmi hupimwa kipato kwa hati ya mshahara. Kwa bibi anayelima mihogo na kuuza korosho chache kila msimu hakuna hati ya kutazama, na ndiyo maana kipato chake hukadiriwa kwa kuangalia hali ya maisha. Kwanza mkutano wa kijiji hutaja kaya ambazo wanakijiji wenyewe wanazijua kuwa hazina uwezo. Kisha kila kaya iliyotajwa hujaziwa dodoso: wanaishi wangapi, nani mtoto, nani mzee, nani ana ulemavu, kuta na sakafu ni za nini, paa ni la nini, choo kikoje, kuna mifugo au vyombo gani ndani. Majibu hayo huingizwa kwenye hesabu inayokadiria matumizi ya kaya na kuyalinganisha na kiwango cha umaskini, halafu orodha inayopatikana hurudishwa mkutanoni ikasomwe mbele ya watu. Ili mpate picha ya viwango vyenyewe, Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa chakula Tanzania Bara kuwa shilingi 33,748 kwa mtu mzima kwa mwezi, na mstari wa mahitaji ya msingi kuwa shilingi 49,320.

Sitasema kwamba bati halina uzito katika hesabu hiyo, kwa maana lina uzito. Lakini ni kipengele kimoja miongoni mwa vingi, na kaya ya mwanamke mzee mwenye watoto wawili wanaomtegemea, isiyo na mwenye nguvu ya kufanya kazi, haigeuki kuwa kaya yenye uwezo kwa sababu ya paa tu. Wala jina halifutwi na mpita njia aliyeona bati likimeta. Likitolewa kimakosa, aende kwa kamati ya jamii ya kijijini na kwa mratibu wa halmashauri, na mmoja wenu aende naye.

Binti wa Newala

Ninakubaliana na aliyetangulia, ila ningependa bibi apigiwe hesabu yenyewe. Kwa viwango vya awamu ya kwanza ya mpango huo, kaya ilipata ruzuku ya msingi ya shilingi 10,000 kwa mwezi, 4,000 kwa kuwa na watoto, na 2,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi anayetimiza sharti la mahudhurio. Kwa kaya kama yake ni 18,000, yaani 36,000 kwa malipo ya miezi miwili. Fedha hiyo ni ya thamani sana kwake, nami siidharau hata kidogo. Lakini ilikusudiwa watoto wale na wasome, na haikuwekwa ili mzee alale penye kuvuja.

Kinachoniuma ni kwamba bati lililoletwa na wajukuu na bati lililonunuliwa kwa mavuno yanafanana yakiwa juu ya paa. Wanaosimamia uhakiki wanapaswa kulisema jambo hili waziwazi katika kila mkutano, kwa sababu hofu ya bibi yako nimeikuta kwa wazee wengi, na kuna walioacha hata kufuga kuku.

Mkaazi wa Unguja

Huku kwetu Zanzibar jambo hili lilitazamwa kwa njia nyingine. Tangu Aprili 2016 mzee mkaazi aliyefikisha miaka 70 hupewa pensheni jamii bila kuulizwa ana nini; ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Kenya nayo, mwaka 2018, iliwafungulia wazee wote wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi, ilhali hapo awali walichaguliwa maskini tu. Kwa utaratibu huo mzee hana sababu ya kuficha bati. Hata hivyo, mama kijana mwenye watoto wanne na asiye na shamba hanufaiki na pensheni ya wazee, kwa hiyo sioni namna ya kuacha kabisa kuzipima kaya.

Mjukuu wa Lindi

Nawashukuru sana. Jana nilimpigia bibi simu nikamsomea majibu yote, taratibu, mpaka akaniomba nirudie ile sehemu ya kamati. Aliuliza jambo moja tu: akija mtu wa dodoso akamuuliza mabati yametoka wapi, ajibu nini? Nikamwambia ajibu ukweli, kwamba yameletwa na wajukuu, na kwamba risiti ya dukani ninayo. Fundi anapanda Jumamosi. Bibi ameagiza makuti ambayo bado ni mazima yasitupwe, yaezekee jiko.