Wageni wangu Mayahudi watakesha juu ya paa usiku wa sikukuu yao: nitayarishe nini?

Mama wa Shangani (20 Mei 2025)

Asalaam alaykum nyote, na wengine habari zenu.

Naendesha nyumba ya wageni ya vyumba sita hapa Mji Mkongwe, nyumba ya marehemu babu yetu, mimi na mama yangu. Alhamisi ya tarehe 29 napokea familia ya Kiyahudi kutoka Uingereza: bibi mtu mzima, binti yake, mkwe wake na wajukuu wawili. Binti kaniandikia barua pepe ya heshima sana. Anasema Jumapili jioni inaingia sikukuu yao, Shavuoti, nayo itakwenda mpaka Jumanne usiku. Miaka yote huwa sinagogi na jamaa zao, lakini mwaka huu bibi kataka waje huku, kwa sababu marehemu mumewe alisomesha skuli moja ya hapa katika ujana wake.

Wameomba wakae juu ya paa usiku kucha wakisoma, wapate pembe ya jiko, na "taa zisitusumbue". Hili la taa sikulielewa. Ngazi zetu zina taa zinazowaka zenyewe mtu akipita. Nilimpigia simu, akanieleza mbio mbio, nikaona haya kuuliza mara ya pili. Sitaki mgeni apate tabu ndani ya nyumba yangu siku ya sikukuu yake. Mwenye kujua anieleze kama anavyomweleza mtoto.

Mpishi wa Nungwi (20 Mei)

Bi mkubwa, kwa samaki nakusaidia. Hoteli niliyofanya kazi ilipata kundi lao mara moja, wakaja na msimamizi wao wa jikoni. Samaki wao sharti awe na mapezi na magamba. Changu, nguru, kolekole, jodari, sawa. Pweza, ngisi, kamba, kaa na chaza, hapana, na papa na yule samaki taa pia hapana. Ukienda sokoni Darajani nunua samaki mzima, na magamba yake wayaone kwa macho. Minofu iliyokwishachunwa hawataichukua, maana hawajui imetoka kwa samaki gani. Wala usimkate kwa kisu chako. Yule msimamizi alikuja na visu vyake, akawasha jiko kwa mkono wake, na samaki wa kuoka tukamfunga karatasi ya foili tabaka mbili ili asiguse trei yetu.

Mzee wa Wete (21 Mei)

Waalaykum salaam, mwanangu. Mimi nilikuwa mtunza jengo wa sinagogi moja kaskazini ya London, toka 1996 mpaka 2013. Funguo zote za jengo lile zilikaa kiunoni kwangu. Nitaandika niliyoyaona, na urefu utanisamehe.

Shavuoti ni kumbukumbu ya kuteremshiwa Taurati katika mlima wa Sinai. Toka usiku wa pili wa Pasaka yao wanahesabu usiku mmoja mmoja, kwa dua, mpaka zitimie siku 49. Ya 50 ndiyo hiyo. Miezi yao ni ya kuandama kama yetu, ila wao huongeza mwezi mzima mara 7 katika kila miaka 19, ndiyo maana sikukuu hii haiachani na Mei na Juni, na za kwetu zinazunguka mwaka mzima. Mwaka huu tumekutana: mwezi wao wa Sivani na Mfunguo Tatu wetu ni mwandamo mmoja. Kama mama yako hufunga zile siku tisa, ataamka kula daku na wageni wako wako macho juu ya paa.

Kule, siku moja kabla, wanawake walikuwa wanakuja na ndoo za maua na matawi mabichi, wanapamba jukwaa la kusomea na kabati la Taurati. Mimi nashika ngazi. Mama mmoja alikuwa hakosi kuleta maua meupe yenye harufu kali, sijajua jina lake, na kila nikiyanusa nilikuwa naviona vikuba vya asumini vya kwetu. Kisha napanga meza na vitabu. Usiku wa Juni wa London ni mfupi: giza linatimia saa nne na nusu, jua linatoka saa kumi na moja kasorobo. Wanaingia baada ya chakula, wazee kwa vijana, wanakaa wawili wawili na kitabu kimoja kati yao, na wanabishana. Mwaka wa kwanza nilidhani wanagombana, nikasogea karibu. Kumbe wameshika neno moja tu, robo saa nzima wanaligeuza. Katika darsa nilizokulia mwalimu anasema, sisi tunasikiliza. Pale mtoto wa miaka kumi na tatu anamkatiza mzee wa miaka themanini, na mzee uso unamkunjuka kwa furaha.

Saa nane za usiku napeleka kahawa na keki ya jibini. Chakula cha sikukuu hii ni cha maziwa. Nilielezwa sababu nyingi, na iliyonikaa ni kwamba siku ile walipopewa sharia walikuwa hawajatayarisha nyama ya kuchinja inavyotakiwa, wakatosheka na maziwa. Jua likichomoza wanasali. Zikisomwa Amri Kumi watu wote wanasimama, hata wale wenye mikongojo. Husomwa pia kitabu cha Ruthu, yule mwanamke wa Moabu aliyekataa kumwacha mama mkwe wake, akaifuata dini yake.

Ile Taurati yenyewe ni ngozi iliyoandikwa kwa mkono, herufi 304,805, na moja ikikatika haisomewi mpaka itengenezwe. Msomaji hagusi maandishi kwa kidole, ana kijiti cha fedha chenye ncha kama mkono. Ikichakaa kabisa huzikwa. Mara ya kwanza kuona maziko hayo nilimkumbuka babu yangu na karatasi za msahafu zilizochanika, alivyokuwa akizikusanya katika kitambaa cheupe.

Sasa mambo yako.

Taa. Toka Jumapili magharibi mpaka Jumanne usiku hawatagusa umeme, simu, pesa wala kalamu, na gari hawapandi. Taa inayowaka kwa sababu yeye kapita, kwake ni kama kaiwasha. Kwa hivyo zizimishe hizo za ngazi mtambo wake, uache taa ya kawaida inawaka moja kwa moja siku zote mbili. Chumba kama kinafunguliwa kwa kadi, wape ufunguo wa chuma. Malipo na kutia saini, kabla au baada. Na hili ulishike: usingoje wakuombe. Haiwafalii kukuamuru umwashie mtu taa. Miaka yote ile hakuna aliyeniambia "washa". Kila kitu kilitegeshwa saa yake toka mchana. Na Jumamosi kabla yake ni Sabato, toka Ijumaa magharibi, ambayo ni kali zaidi, hata kupika hakuna.

Sikukuu inaruhusu kupika, lakini kwa moto ulio hai tayari. Kuwasha moto mpya hapana, kuuzima pia hapana. Watakuja na mshumaa mkubwa wa kuwaka siku mbili. Uwekee kidaka kisichopigwa na upepo, kusi limeshaanza. Sufuria mbili mpya, kisu kipya, chupa za chai mpya na vikombe vya karatasi vitawatosha. Viazi vitamu, muhogo, ndizi, machungwa, hivyo havina maneno. Jibini na maziwa waachie wenyewe. Na ujue usiku wa Unguja mwezi huo unakaribia saa kumi na mbili, mara mbili ya ule waliouzoea. Kahawa isipungue.

Kibla chao ni Jerusalemu. Ukiwaonyesha kibla chetu umeshawaonyesha na chao, maana kutoka Unguja vyote viko kaskazini, chao kinaelekea kushoto kidogo tu. Mkwe yuko mwanamume peke yake, na kusoma Taurati ya ngozi kunataka wanaume wakubwa kumi (ziko sinagogi zinazohesabu na wanawake, yangu haikuwa hivyo). Kwa hivyo watasoma kitabuni, na zipo sala wataziruka. Hapo ndipo watakapoikumbuka sinagogi yao.

La mwisho, na hili ndilo lililonifanya niandike. Siku ya pili asubuhi kuna sala ya kuwakumbuka marehemu, Yizkori. Ikifika, mwenye wazazi wote wawili hai hutoka nje. Miaka minane nilisimama ukumbini na vijana hao, napanga vikombe, na wao wanacheka cheka kama vijana. Mwaka 2004 mama yangu alifariki Wete. Nilipigiwa simu asubuhi, na kabla sijapata tiketi alikuwa ameshazikwa. Mwaka uliofuata, Yizkori ilipofika, nikatoka ukumbini kama kawaida yangu. Mzee mmoja, fundi wa saa, akanifuata mpaka mlangoni, akanambia, "Wewe sasa nafasi yako ndani." Nikakaa kiti cha nyuma. Wao wakasoma yao, mimi nikamsomea mama Fatiha kimoyomoyo. Nililia pale kwa mara ya kwanza toka ile simu.

Kwa hivyo Jumanne asubuhi, mwanangu, bibi huyo mumpe faragha.

Kijana wa Mkunazini (21 Mei)

Mzee shikamoo. Nakuheshimu, lakini roho yangu nzito. Kila siku tunaona watoto wa Ghaza wanatolewa chini ya vifusi, na sisi huku tukae tukipanga vikombe vya Mayahudi?

Mzee wa Wete (21 Mei)

Marahaba mwanangu. Roho yako ina haki kuwa nzito, na yangu ni hivyo hivyo. Niliandamana London kwa ajili ya Ghaza nikiwa na funguo za sinagogi kiunoni. Walikuwamo walionikasirikia, na alikuwamo mmoja niliyemkuta kwenye maandamano yale yale. Mengine hatukukubaliana mpaka nimeondoka. Lakini anayekuja Shangani ni mjane na wajukuu, anataka kumkumbuka mumewe mahali alipoishi. Huyo mimi siwezi kumfungia mlango, na nadhani ukimwona nawe hutaweza.

Mtoto wa Mkoani (22 Mei)

Nyongeza ndogo tu. Nilisoma Nairobi, na karibu na Chuo Kikuu, kwenye University Way, ipo sinagogi yao. Jumuiya ni ya tangu 1904, jengo la sasa ni la 1955. Na Uganda, upande wa Mbale, wapo Waafrika wenzetu wanaoshika dini hiyo toka 1919, walipoongozwa na Semei Kakungulu. Nawataja kwa sababu wengi wetu tukisikia Yahudi tunafikiria Ulaya tu.

Mama wa Shangani (4 Juni)

Narudi na habari, maana nyote mlinisaidia.

Taa za ngazi fundi alizifungua Jumamosi usiku. Binti alipoona taa ya kawaida inawaka na mimi sikusema kitu, alinikumbatia. Ijumaa mchana, kabla Sabato yao haijaingia, bibi alimkuta mama ukumbini na ungo anachagua mchele. Akakaa chini kwenye mkeka, akavaa miwani, akaanza kuchagua naye. Kumbe na wao hukagua nafaka punje kwa punje wasije wakala mdudu. Mama Kiingereza hajui, na bibi ana maneno kama kumi ya Kiswahili aliyofundishwa na mumewe, moja likiwa "pole pole". Walimaliza kilo tatu.

Jumapili asubuhi nilikwenda Darajani na mkwe, tukanunua changu wawili wenye magamba yao. Muuza samaki alishangaa mzungu kakataa asiparuliwe.

Usiku walipanda juu. Watoto walilala kabla ya saa sita, wakubwa wakaendelea. Mzee wa Wete, kubishana kule nimekusikia mwenyewe! Mama alipoamka kula daku alisikia sauti, akapanda na sahani ya tende, akakumbuka kuwa vyombo vyetu hawatumii, akasimama nayo ngazini. Bibi akamwonyesha kwa mkono amimine tende kwenye karatasi. Wakazifungua moja moja kutazama ndani, wakala. Ilipoadhiniwa alfajiri walinyamaza mpaka ikaisha, mama akashuka kusali, na wao wakangoja jua.

Jumatatu usiku bibi alichukua moto kwenye mshumaa mkubwa, akawasha mwingine mdogo uliokuwa ndani ya gilasi. Nikamwekea kidaka cha chumba cha mbele, kile cha marehemu babu. Jumanne asubuhi binti alitoka na watoto wakaenda Forodhani kwa miguu. Nilimuuliza kwa nini hakubaki na mama yake, akanambia, "Mimi wazazi wangu wa kuwakumbuka ni baba tu, na kwetu nimeshazoea kumsomea. Leo mama kaomba awe naye peke yake." Mkwe alikaa uani na kitabu. Mlango wa chumba cha mbele ulifungwa kwa muda wa nusu saa hivi, nasi tukawazuia hata wafagiaji.

Wameondoka leo asubuhi. Mshumaa wa gilasi hakuna aliyeuzima. Uliwaka mpaka jana usiku ukamalizika wenyewe, na mama hajataka niitoe ile gilasi kidakani.